Maua ya wiki moja, urafiki wa zaidi ya miaka mia

FIKIRIA umeletewa zawadi na rafiki wa mbali, kisha ukalazimika kuitia moto. Utamtazama vipi usoni?

Hayo ndiyo yaliyoikuta serikali ya Marekani mwaka wa 1910. Japani ilikuwa imepeleka jijini Washington miti 2,000 ya cheri, ile inayopendwa kwa maua yake na ambayo Wajapani huiita sakura. Wakaguzi walipoichunguza, waligundua ilikuwa na wadudu na magonjwa. Rais William Taft akakubali ichomwe.

Wajapani hawakununa. Mwaka wa 1912 walituma mingine 3,020, na mnamo Machi 27 mkewe rais, Helen Taft, akapanda wa kwanza. Tangu hapo, kila mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, watu humiminika Washington kutazama maua hayo meupe na ya waridi.

Huko Japani kwenyewe, familia, wanafunzi na wafanyakazi hutandika mikeka chini ya miti, wakila, wakinywa na kupiga gumzo. Desturi hiyo huitwa hanami, yaani kutazama maua. Anayechelewa hujilaumu, kwani maua yakishachanua yote hudumu kama wiki moja tu. Mvua na upepo vikija, hupukutika hata kabla ya hapo.

Nchini Ujerumani, maua hayo huwakumbusha watu amani. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka wa 1989, Wajapani walichanga pesa na miti ya cheri ikapandwa mahali ukuta ulikopita. Palipokuwa na askari wenye bunduki, leo watoto hucheza.

Lakini je, urafiki wa Washington ulidumu? Desemba 1941, Japani iliposhambulia Pearl Harbor, watu wasiojulikana walikata miti minne kwa hasira. Nayo miti ya kando ya mto Arakawa, Tokyo, iliyozaa ile ya Washington, ilidhoofika wakati wa vita. Mwaka wa 1952, Marekani ikapeleka vipandikizi kutoka Washington ili kuifufua. Mtoto akamwokoa mama.

Ukijaliwa kufika Washington msimu huo, tazama na upige picha, lakini usichume hata ua moja. Ni marufuku.

Wahenga walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.