Carana, nchi isiyo kwenye ramani inayofundisha kulinda amani

NCHI iitwayo Carana haimo katika ramani yoyote ya dunia. Haina kiti Umoja wa Mataifa, haina timu ya soka, wala hakuna aliyewahi kupanda ndege kwenda Galasi, mji wake mkuu.

Hata hivyo, askari, polisi na watumishi wa kiraia wengi walioandaliwa kwenda kulinda amani wanaifahamu Carana vizuri, pengine kuliko baadhi ya nchi za kweli.

Carana ni nchi ya kubuni. Iliundwa kwa ajili ya mafunzo, ikapewa historia ya ukoloni, madini, makabila makubwa matatu ya Falin, Kori na Tatsi, serikali inayolaumiwa kwa upendeleo, waasi wenye silaha na wakimbizi.

Umoja wa Afrika uliitumia katika zoezi la Amani Africa, lililofanyika Addis Ababa Oktoba 2010 ili kupima utayari wa kikosi cha akiba cha bara hili. Katika zoezi hilo, Carana iliwekwa kwenye kisiwa cha kubuni, nje kidogo ya pwani ya mashariki ya Afrika. Waandaaji hawakuhangaika kukitafutia jina. Walikiita Kisiwa.

Mbinu hiyo ya kuwatia watu ndani ya mgogoro wa kubuni na kuwadai uamuzi haikuishia kambini. Imeingia pia katika vyuo vikuu vinavyofundisha masomo ya amani, uhusiano wa kimataifa na sheria. Humo mhadhiri huweka chaki pembeni, akagawa karatasi za uhusika: huyu waziri wa ulinzi, yule kamanda wa waasi, mwingine mjumbe wa Umoja wa Mataifa, mwingine mkuu wa shirika la misaada, mwingine mzee wa kijiji kilichochomwa moto.

Kila karatasi ina siri ambayo wenzake hawaijui. Kamanda wa waasi, kwa mfano, huambiwa kwamba risasi zake zitakwisha baada ya wiki mbili, lakini akijulikana ameishiwa, hakuna atakayezungumza naye. Waziri naye huambiwa kwamba rais wake anataka mkataba kabla ya uchaguzi, ila hataki kuonekana ameuomba. Kutoka hapo mazungumzo huanza, na mhadhiri hukaa kimya.

Asili ya mbinu hii ni ya kivita. Mwaka 1824 maofisa wa jeshi la Prussia walionyeshwa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, na baadaye majeshi mengi yakauiga. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Harold Guetzkow wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, aliugeuza kuwa somo la siasa za dunia, wanafunzi wakiongoza nchi za kubuni. Mikutano ya vijana ya kuiga Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, inayojulikana pia Afrika Mashariki, ni ndugu wa karibu wa mbinu hiyo, ingawa mara nyingi huishia kwenye hotuba nzuri na suti zilizopigwa pasi.

Swali la haki ni hili: kwa nini mwanafunzi asisome tu vitabu?

Misingi ya ulinzi wa amani ni mitatu, na mwanafunzi hodari huikariri kwa usiku mmoja. Kwanza, ridhaa ya pande zinazohasimiana. Pili, kutoegemea upande wowote. Tatu, kutotumia nguvu isipokuwa kwa kujilinda au kulinda jukumu lililokabidhiwa. Katika mtihani wa maandishi, misingi hiyo mitatu hukaa pamoja kwa utulivu. Matatizo huanza siku inapogombana.

Tuchukue zoezi moja. Mwanafunzi anapewa cheo cha kapteni. Ana askari 90 katika uwanja wa shule. Ndani ya ua wamekimbilia watu 2,000. Nje ya geti wamekusanyika wanamgambo wenye mapanga na bunduki, wakinywa pombe na kusubiri. Redio inaleta amri kutoka juu: ondokeni, nendeni uwanja wa ndege mkasaidie kuwahamisha raia wa kigeni. Ana dakika 15 za kuamua, na wanafunzi wenzake wanaoigiza wakimbizi wanamtazama.

Zoezi hilo halikutungwa kutoka hewani. Aprili 11, 1994 askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, jijini Kigali, wakiwaacha nyuma zaidi ya watu 2,000. Wengi wao waliuawa siku hiyo hiyo.

Miezi mitatu kabla, Januari 11, kamanda wa kikosi hicho nchini Rwanda, Jenerali Romeo Dallaire wa Kanada, alikuwa amepeleka New York taarifa juu ya silaha zilizofichwa na mpango wa kuwaua Watutsi. Alikusudia kwenda kuzikamata silaha hizo, akakatazwa kwa hoja kwamba jukumu alilopewa halikufika huko. Mauaji yalipokwisha kuanza, Baraza la Usalama kwa Azimio 912 la Aprili 21, 1994 lilipunguza kikosi kilichoidhinishwa kuwa na watu wapatao 2,500 hadi 270.

Msomaji wa historia hiyo hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini hasira ya msomaji ni rahisi, kwa kuwa anajua mwisho wa hadithi. Kapteni wa darasani haujui. Hajui kama wanamgambo watashambulia au wanatisha tu. Anajua kwamba siku nne nyuma askari wenzake kumi waliuawa, na kwamba akikaidi amri atashitakiwa. Ndipo anapogundua kwamba neno "kutoegemea upande" linaweza kumaanisha uadilifu, na linaweza pia kuwa blanketi la kujifunikia.

Wapo wanaobaki na kufyatua risasi, wapo wanaoondoka, wapo wanaojaribu kununua muda kwa kuzungumza na kiongozi wa wanamgambo getini. Hakuna jibu lililoandikwa nyuma ya kitabu. Kinachopimwa ni kama mwanafunzi aliuliza maswali yaliyopaswa kuulizwa: amri hii imetolewa na nani, inaruhusu nini, nani mwingine anaweza kuja kusaidia, na watu hawa wakibaki peke yao nini kitawapata.

Kwa Tanzania, maswali hayo yana gharama inayojulikana. Desemba 7, 2017 kambi ya walinzi wa amani iliyopo Semuliki, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilishambuliwa na askari 15 wa Tanzania wakauawa, wengine wengi wakijeruhiwa. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa, ambao matokeo yake yalitolewa Machi 2018, ulibaini kuwa hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu ya ziada wala wa kuwaondoa waliozingirwa. Ulitaja pia kasoro katika mafunzo, katika uongozi na amri, na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Mambo hayo mengi hayahusu ushujaa wa askari. Yanahusu kazi za mezani: nani anampigia nani simu, nani ana mamlaka ya kurusha helikopta, mpango wa dharura uko wapi na ulifanyiwa majaribio lini. Watu wa kazi hizo za mezani, wakiwemo wanasheria, wachambuzi, maofisa ugavi na washauri wa kisiasa, wengi hutoka vyuo vikuu. Mwanajeshi hupata mazoezi ya vitendo katika vituo kama kile cha kimataifa kilichopo Karen, Nairobi. Msomi wa kiraia anayekwenda kukaa naye chumba kimoja cha maamuzi anaweza kufika huko akiwa na shahada mbili na asiwahi hata mara moja kufanya uamuzi huku saa ikimkimbiza.

Upande wa pili wa somo ni ujenzi wa amani, yaani kuwafikisha mahasimu mezani na kuwafanya waendelee kuishi pamoja baada ya kusaini. Hapa Afrika Mashariki haina haja ya kuazima mifano.

Mazungumzo ya Burundi yaliyofanyika Arusha yangetosha kujaza muhula mzima. Mwalimu Julius Nyerere aliyasimamia hadi alipofariki dunia Oktoba 14, 1999, kisha Nelson Mandela akapokea kijiti. Pande 19 zilikaa katika kamati tofauti kujadili chimbuko la mgogoro, utawala bora, ulinzi na usalama, ujenzi mpya wa nchi, na dhamana ya utekelezaji. Mkataba ulisainiwa Agosti 28, 2000.

Vita haikukoma siku hiyo. Makundi makuu mawili yenye silaha yalikuwa nje ya mkataba. CNDD-FDD iliafikiana na serikali mwishoni mwa 2003, na FNL ilisaini kusitisha mapigano jijini Dar es Salaam Septemba 2006.

Mhadhiri anayeijua historia hiyo huwaacha makusudi wanafunzi wawili au watatu nje ya ukumbi. Hawapewi kiti. Wanakaa varandani, na kila nusu saa wanaruhusiwa kuingiza kikaratasi kimoja: "Tumefunga barabara", "Tumeteka lori la chakula". Ndani, wajumbe hubishana juu ya mgawanyo wa nafasi serikalini na kuvidharau vikaratasi hivyo, mpaka mmoja wao anapogundua kwamba mkataba wanaoupigia makofi hautazuia hata risasi moja. Somo la nani hayupo mezani, likifundishwa kwa mhadhara, huchukua sentensi moja na kusahauliwa. Aliyekaa varandani saa tatu halisahau.

Usuluhishi wa Kenya baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 hufundisha jambo jingine, ambalo ni mpangilio wa ajenda. Kofi Annan na wenzake walitanguliza kukomesha ghasia, wakafuatia misaada ya kibinadamu, ndipo mgogoro wa kisiasa, na mwisho matatizo ya muda mrefu kama ardhi na ukosefu wa ajira. Makubaliano ya kugawana madaraka yalisainiwa Februari 28, 2008. Mwanafunzi akipewa ajenda hizo nne bila namba azipange mwenyewe, mara nyingi huanza na ardhi, kwa kuwa ndiyo chimbuko. Wajumbe wake hawafiki hata mchana kabla ya kuinuka na kutoka.

Lakini igizo lenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo shule, ni kikao cha tathmini kinachofuata. Hapo siri zote hufunuliwa. Waziri hugundua kwamba adui yake alikuwa tayari kukubali masharti tangu asubuhi, na kwamba ni tusi moja lililosemwa kwa kebehi ndilo lililovunja mkutano. Mhadhiri huuliza nini kilitokea, kwa nini, na kinalingana wapi na yaliyotokea Kigali au Arusha. Pale muda unapokuwa mfupi na kikao hicho kikaachwa, wanafunzi huondoka na kumbukumbu ya mchezo mtamu na kujiamini kusikostahili.

Tafiti za wataalamu wa elimu zimetofautiana juu ya faida za mbinu hii. Kwamba wanafunzi huifurahia na kushiriki zaidi, jambo hilo halibishaniwi sana. Kwamba hupata alama za juu kuliko waliofundishwa kwa mihadhara, ushahidi wake ni mchanganyiko. Huenda tatizo lipo kwenye mtihani, kwani karatasi ya maswali haipimi utulivu wa mtu anayetukanwa mezani. Hata hivyo hilo ni dai linalohitaji kuthibitishwa, na watetezi wa mbinu hii hawajalithibitisha vya kutosha.

Ipo pia hatari ambayo vitabu vingi vilivyoandikwa mbali na Maziwa Makuu huipitia haraka. Katika darasa la Bujumbura, Goma, Kigali au Eldoret, mgogoro si wa kubuni. Aliyepewa nafasi ya mkimbizi anaweza kuwa alizaliwa kambini. Aliyepewa nafasi ya mwanamgambo anaweza kuwa amekaa jirani na yatima wa wanamgambo hao. Kumlazimisha mtu aigize kifo cha baba yake mbele ya wenzake ili apate alama 20 si elimu.

Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuwepo kwa Carana. Falin, Kori na Tatsi hawana ndugu darasani. Mwanafunzi anaweza kumtetea Mkori leo na Mfalin wiki ijayo, akabadilishana karatasi na aliyekuwa hasimu wake, bila mtu yeyote kuhisi kwamba ukoo wake umewekwa kizimbani. Historia ya kweli huletwa baadaye, kwenye tathmini, na kwa hiari.

Gharama yake si kisingizio. Vyuo tajiri hutumia programu za kompyuta na vyumba vyenye kamera, lakini zoezi la kapteni na geti linahitaji karatasi, saa ya ukutani, vyumba viwili na mhadhiri aliyejiandaa kwa siku kadhaa. Hicho cha mwisho ndicho adimu, hasa pale mtu mmoja anapokuwa na wanafunzi 300.

Mazoezi yaliyopangwa vizuri hufungwa kwa kitendo kidogo ambacho mgeni anaweza kukiona cha kitoto. Kila mshiriki huvua kitambulisho cha kubuni kilichobandikwa kifuani, hukiweka mezani, kisha hutaja jina lake halisi kwa sauti. Mara nyingine aliyeigiza kamanda wa wanamgambo hulazimika kuambiwa mara mbili.