Mwalimu wa Timu Aliyeitwa Mara kwa Mara

Watu wa Tudor wanaokwenda Mbaraki kuitazama timu ya Bandari hawana safari ndefu. Ni kukatiza kisiwa tu. Lakini bao la kijana wa Bandari ambalo Mombasa ina haki ya kujivunia zaidi lilifungwa mbali na Mbaraki, katika kiwanja cha Kasarani, Nairobi, tarehe 25 Machi mwaka 2021. Misri, waliokuwa wamekwisha kulitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara 7, walitangulia kufunga mapema. Katika kipindi cha pili Abdalla Hassan wa Bandari akasawazisha, na mchezo ukaisha 1 kwa 1. Siku nne baadaye Kenya ikawashinda Togo ugenini 2 kwa 1.

Sifa zilimwendea mfungaji, kama ilivyo desturi. Aliyempanga mchezoni alikuwa Bwana Jacob Mulee, ambaye wapenzi wa mpira humwita Ghost, na ambaye kabla ya mwaka huo kwisha hakuwa tena na kazi hiyo.

Bwana Mulee si mgeni wa kuingia na kutoka. Katika ujana wake alikuwa mlinda lango. Alipoanza kufundisha, jina lake lilipanda akiwa na Tusker, timu ya kampuni ya bia ya Nairobi, ambayo chini yake ililitwaa Kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati mwaka 2000, na tena mwaka 2001. Kushinda mara moja huweza kuwa bahati; kushinda mara mbili mfululizo kuliwafanya wakubwa wa mpira wamtazame kwa jicho jingine, wakamkabidhi timu ya taifa, Harambee Stars.

Wakati huo Kenya haikuwa imeonekana katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1992. Mwezi wa Julai mwaka 2003, katika mchezo wa Nairobi dhidi ya Cape Verde, kijana Dennis Oliech alifunga bao moja, na bao hilo moja likaipeleka Kenya Tunisia.

Huko mambo yalianza vibaya. Mali waliifunga Kenya 3 kwa 1, kisha Senegal wakaifunga 3 kwa nunge. Timu ilikuwa imekwisha kutolewa, na ulibaki mchezo mmoja tu na Burkina Faso, siku ya Jumatatu, tarehe 2 Februari 2004. Walimu wengi katika hali kama hiyo huona wachezaji wao wakicheza huku mioyo imekwisha kupanda ndege. Ya Kenya haikuwa hivyo. Kipindi cha kwanza kilipita bila bao. Katika cha pili Emmanuel Ake akafunga, akafuata Oliech, ambaye siku ile ile alikuwa anatimiza miaka 19, kisha John Baraza. Tatu kwa nunge. Kenya ilikuwa imekwenda katika fainali hizo mwaka 1972, 1988, 1990 na 1992, na katika safari zote nne haikupata kushinda hata mchezo mmoja. Huo wa Burkina Faso ndio ulikuwa wa kwanza.

Mtu angedhani kwamba baada ya ushindi huo mwalimu angepewa miaka ya kujenga. Miezi michache baadaye ugomvi wa viongozi ulisababisha FIFA kuifungia Kenya isicheze, na mpira ulipofunguliwa timu ilikuwa mikononi mwa Twahir Muhiddin. Mulee alirudi mwaka 2007, akaondoka. Akarudi tena mwaka 2010. Safari hiyo ya 2010 haina la kufichwa: katika mashindano ya Afrika ya Mashariki na Kati huko Dar es Salaam, Kenya ilipoteza michezo yote mitatu, kwa Malawi, kwa Ethiopia na kwa Uganda. Akajiuzulu, na ilikuwa haki ajiuzulu.

Kwa nyakati mbalimbali waliletwa wageni. Wengine walifanya kazi njema: Mjerumani Reinhard Fabisch aliifikisha Kenya fainali ya Michezo ya Afrika mwaka 1987, na Mfaransa Sébastien Migné aliipeleka Misri mwaka 2019. Lakini Mjerumani Antoine Hey aliondoka mwezi wa Novemba 2009, siku chache tu kabla ya mchezo wa mwisho na Nigeria, na aliyeitwa kuziba pengo alikuwa Twahir Muhiddin tena. Adel Amrouche alipoachishwa kazi kabla ya mkataba kwisha alishitaki, na Shirikisho likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. Wenyeji hawakuwa dhaifu hata watiliwe shaka hivyo. Marshall Mulwa aliletea Kenya kombe la Afrika ya Mashariki na Kati mwaka 1981, 1982 na 1983, miaka mitatu mfululizo.

Mulee aliitwa kwa mara nyingine mwezi wa Oktoba 2020, wakati sauti yake ilikwisha zoeleka nchini kote katika kipindi cha asubuhi cha Radio Jambo. Sare na Misri na ushindi wa Togo havikutosha kuipeleka Kenya fainali za Cameroon. Mwezi wa Septemba 2021 michezo ya kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia ilianza kwa sare mbili, nunge kwa nunge na Uganda, 1 kwa 1 na Rwanda. Timu haikuwa imefungwa. Hata hivyo ikatangazwa kwamba Shirikisho na mwalimu wameachana kwa maelewano, na mahali pake akawekwa Mturuki, Engin Firat.

Mchezo wa kwanza wa Bwana Firat ulikuwa tarehe 7 Oktoba 2021, huko Morocco. Mali, wale wale walioifunga timu ya Mulee 3 kwa 1 kule Tunisia, waliifunga Kenya 5 kwa nunge.