Mercedes kuukuu la milango miwili: Kwa nini bei ndogo huweza kuwa ghali

Mercedes-Benz SEC, gari la kifahari la milango miwili lililotengenezwa Ujerumani kati ya 1981 na 1991, lingali likitangazwa sokoni nchini humo. Yaliyotunzwa vyema huuzwa kwa bei ya juu. Yaliyotembea mamia ya maelfu ya kilomita hupatikana kwa bei ndogo zaidi. Bei hiyo ndogo huwavutia wanunuzi, na baadhi yao huijutia.

Gari hilo lilizinduliwa katika maonyesho ya Frankfurt mwezi Septemba 1981. Halina nguzo ya kati ubavuni, hivyo vioo vyote vinaposhushwa, upande mzima hubaki wazi. Kwa kuwa mkanda wa usalama umefungwa mbali nyuma ya kiti, mkono mdogo wa umeme humsogezea mkanda huo mtu aliyeketi mbele. Injini zake zote ni za silinda 8. Kwa jumla yalitengenezwa takriban magari 74,000, idadi isiyolifanya kuwa adimu. Ndiyo maana uzee peke yake hauliongezei thamani lililochakaa.

Adui wake mkubwa ni kutu. Hujificha kandokando ya kioo cha nyuma, kwenye matao ya magurudumu na nyuma ya vifuniko vya plastiki vya ubavuni. Rangi yaweza kung'aa ilhali bati chini yake limekwisha kuliwa. Bandubandu humaliza gogo. Kazi ya kukata bati bovu na kuchomelea jipya yaweza kugharimu kuliko bei ya gari lenyewe.

Jambo la pili ni cheni inayoendesha vali za injini. Cheni hiyo huongozwa na vipande vya plastiki ambavyo hukakamaa kwa miaka. Kimoja kikivunjika, cheni yaweza kuruka meno, vali zikagongana na pistoni, na injini ikaharibika.

Hata hivyo, kilomita nyingi si hukumu. Gari lililoendeshwa mara kwa mara na kufanyiwa matengenezo kwa wakati laweza kuwa bora kuliko lililoegeshwa miaka mingi, mipira yake ikakauka na mafuta yakaharibika tangini. Ushahidi ni kitabu cha matengenezo na risiti za gereji. Kuchezea mita ya kilomita ni kosa la jinai Ujerumani tangu 2005.

Sheria za nchi hiyo pia huathiri thamani. Gari lililotimiza miaka 30, likiwa katika hali nzuri na karibu na lilivyotoka kiwandani, laweza kupewa nambari ya usajili yenye herufi H, inayolitambua kuwa sehemu ya urithi wa kiufundi wa magari. Kodi yake ya mwaka huwa takriban euro 192, wakati injini kubwa ya zamani isiyo na kichujio cha moshi ingetozwa zaidi ya euro 1,000. Lililooza au kubadilishwa ovyo laweza kukosa nafuu hiyo.

Kuna pia suala la muuzaji. Mtu binafsi anaruhusiwa kuuza gari bila dhamana, ilimradi asifiche kwa makusudi kasoro anayoijua. Mfanyabiashara anayemuuzia mtumiaji wa kawaida hawezi kuikwepa dhamana kwa njia hiyo.

Kwa wanaofikiria kulisafirisha hadi Afrika Mashariki, umri ni kizuizi. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kupitia sheria ya 2018.

Kwa hiyo ada ya fundi wa kulikagua gari likiwa limeinuliwa juu, kabla ya fedha kutolewa, ni sehemu ya bei ya kununua. Mara nyingi huwa ndiyo ndogo kuliko zote.