Kinyonga Alivukaje Bahari? Kuenea kwa Reptilia na Amfibia Baina ya Mabara

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anamfahamu kinyonga vyema. Katika ngano za jamii nyingi za Kiafrika, yeye ndiye mjumbe aliyetumwa kuwapelekea wanadamu habari ya uzima, akajikokota njiani hata mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Katika mazungumzo ya kila siku, jina lake hutumiwa kumsimanga mtu kigeugeu. Ni ajabu basi kwamba mnyama huyu mzito wa mwendo ni miongoni mwa mashahidi wakuu katika mjadala kuhusu namna reptilia na amfibia walivyoenea ulimwenguni. Makala haya yananuia kueleza mjadala huo kwa kurejelea safari ya kinyonga baina ya Afrika na Bukini, yaani Madagaska.

Wataalamu wana maelezo mawili makuu. La kwanza ni kwamba ardhi yenyewe ndiyo iliyosafiri. Hapo kale Afrika, Amerika ya Kusini, Bara Hindi, Australia, Antaktika na Bukini zilikuwa bara moja kubwa liitwalo Gondwana. Bara hilo lilipovunjika, kila kipande kilikwenda na wanyama wake. Bukini ilianza kutengana na Afrika takriban miaka milioni 160 iliyopita, nayo Bara Hindi ikaachana na Bukini takriban miaka milioni 88 iliyopita. Maelezo ya pili ni kwamba baadhi ya wanyama walivuka bahari baada ya mabara kutengana.

Je, tutajuaje ni maelezo yapi yanayomhusu mnyama fulani? Njia iliyo wazi ni kulinganisha umri. Jeni za viumbe wenye asili moja huzidi kutofautiana kadiri muda unavyopita tangu watengane. Tofauti hizo zikipimwa, na kusawazishwa na visukuku ambavyo umri wake unajulikana, huwezekana kukadiria ni lini koo mbili ziliachana. Iwapo koo ziliachana wakati mabara yalipoachana, ardhi ndiyo iliyowatenga. Iwapo ziliachana baadaye sana, basi hapana budi bahari ilivukwa.

Kuna zaidi ya spishi 200 za vinyonga, na zaidi ya theluthi moja yazo huishi Bukini. Wingi huo uliwafanya watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2002 kudai kwamba vinyonga walianzia Bukini, wakavuka kuja Afrika. Hata hivyo, utafiti mpana zaidi wa mwaka 2013 uligeuza mwelekeo huo. Ulionyesha kwamba vinyonga walianzia Afrika bara takriban miaka milioni 90 iliyopita, na kwamba walivuka kwenda Bukini mara mbili: takriban miaka milioni 65 na miaka milioni 47 iliyopita. Wakati huo Bukini ilikuwa imekwisha kuwa kisiwa kwa muda mrefu mno. Pande zote mbili, basi, zilikubaliana kuhusu bahari. Zilitofautiana kuhusu mwelekeo wa safari.

Ushahidi mwingine umetoka hapa kwetu. Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria, lilipatikana fuvu la kinyonga lenye umri wa takriban miaka milioni 18. Fuvu hilo lilielezwa mara ya kwanza mwaka 1992. Lilipochunguzwa upya kwa mashine za eksirei, watafiti walitangaza mwaka 2020 kwamba ni la jenasi ya Calumma, ambayo leo huishi Bukini pekee. Kwa maneno mengine, jamaa za vinyonga wa Bukini waliwahi kuishi nchini Kenya.

Lakini kinyonga haogelei masafa hayo. Mlango-Bahari wa Msumbiji una upana wa takriban kilomita 400 mahali palipo pembamba zaidi. Inaaminika kwamba mafuriko yaling'oa miti na magugu, yakayasukuma hadi baharini pamoja na wanyama waliokuwamo. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zamani hizo, Bukini ilipokuwa kusini zaidi, mikondo ya bahari iliweza kuelekea huko kutoka Afrika. Aidha, reptilia ana damu baridi, hivyo huhitaji chakula kidogo. Na magamba yake huzuia maji ya mwili kupotea. Jambo hili si dhana tupu. Mwaka 1995, baada ya vimbunga katika Karibi, iguana wapatao 15 walifika kisiwani Anguilla wakiwa juu ya magogo na miti iliyong'olewa. Spishi hiyo haikuwako huko awali.

Amfibia ni kitendawili kigumu zaidi, kwa kuwa ngozi ya chura hupitisha maji na chumvi humdhuru. Charles Darwin mwenyewe alitaja kukosekana kwa vyura katika visiwa vilivyo mbali na bara. Hata hivyo, kisiwa cha Maore huko Komoro, kilichozuka kutokana na volkeno na ambacho hakijawahi kuungana na bara, kina spishi mbili za vyura ambao jamaa zao wako Bukini. Mwaka 2019 spishi hizo zilipewa majina Boophis nauticus na Blommersia transmarina. Jina la kwanza linaashiria ubaharia, la pili ng'ambo ya bahari.

Suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Mwaka 2006 wanasayansi waliunda jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika, wakaiita Kinyongia, kutokana na neno letu. Mmoja wao, Kinyongia boehmei, hupatikana katika Milima ya Taita tu. Misitu hiyo ikiisha, hana pengine pa kwenda. Ukoo uliostahimili bahari unaweza kuangamizwa kwa shoka. Jina la Kiswahili limekwisha kuingia katika sayansi. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba mkulima wa Taita anaweza kuisoma habari ya kinyonga wake kwa lugha iliyompa mnyama huyo jina.