"Kali sana mkuu" haimsaidii mtu: namna ya kumwambia mwenzako kuhusu picha aliyoihariri

Leo naomba tuweke siasa pembeni tuongelee picha. Si za magazetini, nasema hizi zetu sisi tunaopiga kwa kujifurahisha. Wengine tuna kamera za mtumba, wengine simu tu, tukishapiga tunaingia Snapseed au Lightroom, tunazichezea weee mpaka usiku wa manane, halafu tunawarushia wenzetu waone.

Hapa Ibadakuli tupo kumi na kitu. Yumo fundi simu, yumo mwalimu, wamo wawili wanaopiga harusi mwisho wa wiki. Nimekuwa nikifuatilia tunavyoambiana na nimegundua maoni yetu ni ya aina mbili basi. Ya kwanza ni "Kali sana mkuu!!!" na vialama vya moto vitatu. Ya pili ni "Hii umeiharibu kaka." Sasa jamani, aliyeambiwa hivyo kesho afanye nini tofauti? Hajui kilichopendeza ni nini, wala kilichoharibika kiko wapi.

Ngoja nitoe mfano. Oktoba mwaka jana mwenzetu mmoja alileta picha ya ngitili. Kwa msiotoka Usukumani: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, halafu linafunguliwa kiangazi ng'ombe wapate cha kula. Ni utaratibu wa wazee wetu, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ndio uliosaidia kuufufua baada ya mkoa kukaribia kuwa jangwa. Sasa Oktoba hapa kwetu mvua bado, majani yameliwa, yaliyobaki yana rangi ya mkate. Lakini ngitili ya huyu bwana ilikuwa kijani kibichi kama Lushoto! Watu wakamwaga sifa. Kali mkuu, kali mkuu.

Mimi nikamuuliza swali moja tu: "Kaka, ulitaka jicho letu liende wapi?" Akajibu, "Kwenye ile migunga, ilikuwa inapotelea kwenye majani." Umeona? Shida yake ilikuwa ya kweli kabisa, dawa ndo haikuwa yenyewe. Alivuta ukolezo wa rangi kwenye picha nzima, basi kila kitu kikapiga kelele na migunga ikapotea vilevile, safari hii ndani ya kijani. Nikamwambia arudie: majani ayaache na rangi yake, aongeze giza kidogo kwenye vivuli vya miti peke yake, na apunguze mwanga wa anga. Dakika kumi akarudisha picha nyingine. Migunga imesimama kama askari, na ardhi ni ya Oktoba.

Mtu atasema we nawe, rangi ya majani inakuuma nini, picha si ni sanaa? Inaniuma kwa sababu mfugaji wa Kishapu akiiona ile ya kwanza atajua wazi ni uongo, na mtu wa Dar akiiona ataamini ng'ombe wetu wanashiba. Mwaka wa ukame hilo si jambo la mapambo. Ndo maana kwangu swali la "ulitaka tuone nini" linakuja kabla ya lingine lolote. Linampa mwenzako heshima ya kujieleza, na wewe linakuzuia kumkosoa kwa kitu ambacho hakukikusudia. Anaweza kukujibu kwamba alitaka ifanane na katuni. Sawa, basi ihukumu kama katuni.

La pili, kabla hujafungua mdomo angalia unaangalia wapi. Simu nyingi usiku zinageuza kioo kuwa cha njano ili macho yasichoke, halafu mtu anaandika "picha yako ina unjano sana." Unjano ni wako mkuu! Mwingine anaangalia yuko juu ya bodaboda saa saba mchana, jua linawaka, anasema picha ina giza. Ingia kivulini kwanza, zima hiyo rangi ya usiku. Na kama picha imekuja kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, kwa hiyo ule uchakavu unaouona kwenye anga huenda si kosa lake. Mwombe aitume kama dokumenti, na akiweza aambatanishe na ile ya mwanzo ambayo haijaguswa. Ukiwa nazo mbili unaona safari yake yote, na maoni yanakuja yenyewe.

Halafu taja mahali. "Anga imezidi" ni maneno matupu. "Pale mawe yanapokutana na anga, upande wa kulia, kuna mstari mweupe kama taa imewashwa nyuma yake", hilo analiona mara moja, na anajua amevuta sana utofauti wa mwanga na giza. Haya mawe yetu makubwa ya Shinyanga yanawaponza wengi kwa mstari huo. Kuna na nyaya. Wanaoijua Ibadakuli wanajua kituo kikubwa cha kupoozea umeme kilivyo, huwezi kupiga machweo bila nguzo za chuma kuingia. Watu wanazifuta kwa kidole. Juzi kuna mmoja kafuta nguzo na nyaya zake zote, kivuli cha nguzo akakiacha kimelala barabarani hahaha! Hapo tulicheka, naye akacheka, maana utani ukiwa juu ya kivuli cha nguzo haumvunjii mtu heshima.

Utani ukienda kwenye sura ya mtu ni habari nyingine, na hapa ndo penye uzito.

Wenzetu wa harusi wana mazoea ya kumng'arisha bibi harusi. Uso unakuwa mweupe, laini kama plastiki, shingo imebaki na rangi yake na mikono ina rangi ya tatu. Wanajitetea kwamba wateja wanataka, na kweli wapo wanaotaka. Lakini nimeona pia mtu hajaomba, simu yenyewe imemlainisha na mpiga picha akamalizia.

Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye mwanamke wa kizungu, mafundi wakazibatiza jina la Shirley. Rangi ikikaa vizuri kwenye ngozi ya Shirley, mashine iko sawa! Sisi wengine tukatoka meno na macho tu. Google walipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 walijinadi kwamba kamera yake sasa inaijali ngozi nyeusi. Mwaka 2021, jamani.

Na wanaokumbuka, Novemba 2017 Lupita Nyong'o wa Kenya alitokea kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza. Akakuta nywele zake zimekatwa na kulainishwa kwa kompyuta. Alichofanya ndicho ninachotaka tukiige. Aliweka picha mbili, ya kabla na ya baada, akaonyesha kilichoondolewa, akasema kwa nini kinamuumiza: nywele zake za asili zilikuwa zimerekebishwa zifanane na uzuri wanaoufikiria watu wengine. Mpiga picha, An Le, aliomba radhi hadharani.

Kwa hiyo ukikutana na uso wa plastiki usiandike "umemchubua." Andika hivi: "Kaka, linganisha uso na masikio yake, rangi hazifanani. Ulikuwa unataka uso uonekane zaidi?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, uso ulikuwa na giza kwa sababu nyuma kulikuwa na ukuta mweupe. Basi mwelekeze: apunguze mwanga wa ukuta, ainue vivuli vya uso kidogo tu, asiguse rangi ya ngozi. Siku nyingine agusishe kidole usoni kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ipimie mwanga pale badala ya ukutani. Ngozi nyeusi uzuri wake uko kwenye mng'ao, lile shavu linalorudisha mwanga. Ukilainisha, mng'ao ndo wa kwanza kufa.

Mchimbaji mdogo aliyetoka duarani huko Geita au Kahama, uso umejaa vumbi, nisingemshauri mtu alifute. Hiyo ni kazi yake imemkaa usoni. Ila hapo nakiri ni mapenzi yangu, na ukitoa maoni ni vizuri useme wazi lipi ni kosa na lipi ni mapenzi yako tu.

Picha ikitumika kama habari, upole unabaki ila masharti yanakaza. Novemba 7, 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipobomoka na tope likaingia kwenye makazi na mashamba, rangi ya lile tope ilikuwa sehemu ya taarifa. Ukiipasha joto picha kama ile inakuwa mafuriko ya kawaida ya udongo mwekundu, na aliyepoteza shamba umeshamchafulia ushahidi. Shindano la World Press Photo mwaka 2015 liliziondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, kwa ajili ya kuchezewa. Hao ni wazoefu! Hapo usimuulize mwenzako alitaka tuone nini, muulize palikuwaje pale aliposimama.

La mwisho: kuna maoni ambayo hayasemwi mbele ya watu. Kama amempiga mtoto mwenye ualbino nyumbani kwao, na kwenye picha linasomeka jina la shule au duka la jirani, usianze na habari za mwanga kumzidi usoni. Mkoa wetu unajua waliyoyapitia hawa ndugu zetu, hasa ile miaka ya 2007 hadi 2009. Mpigie simu pembeni: "Dada, ishushe kwanza hiyo picha, kijibao kinasomeka. Mzazi wake amekubali isambazwe?" Akishaishusha, mzazi amekubali na kijibao kimekatwa, ndo mwambie apunguze mwanga wa uso ili nyusi na kope zirudi, maana kamera zetu huwa zinazipoteza kabisa.