Je, wajua? Damu ilitangulia uvimbe

Kabambare, mashariki mwa Kongo, iko ndani ya ukanda wa joto, mvua na malaria ambamo watoto hupatwa na saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya hadi meno yanalegea. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, akiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikaonekana katika uvimbe uliotoka Uganda.

Kisha ikaja kazi ya subira ya ajabu. Kuanzia 1972, huko West Nile nchini Uganda, mpakani kabisa na Kongo, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu wakiwa wazima, ikahifadhiwa. Wachache walipougua baadaye, watafiti waliirudia damu ile: kingamwili dhidi ya virusi hivyo zilikuwa zimeshapanda, kwa wengine zaidi ya miaka minne kabla ya uvimbe. Mtoto mwenye kingamwili nyingi mno alikuwa na hatari ya kuugua mara 30 kuliko wenzake.

Hata hivyo, karibu kila mtoto wa kwetu hubeba virusi hivyo na wengi hawaugui kamwe, kwa hiyo kipimo cha kingamwili peke yake hakitoshi. Taya likivimba au jicho likitokeza, hospitali haraka: uvimbe huu hukua maradufu kwa siku chache tu, lakini ukiwahiwa husikia dawa vizuri.