Moteri ya chama: tufungue mpaka pale mkono haufiki



Wengi wetu tunajua safari ya Baraka mpaka Uvira. Mvua ikiharibu barabara, tunapita Ziwa Tanganyika, na mawese yetu kwenye bidoni, mihogo kwenye magunia, mtoto mgongoni. Ndiyo sababu chama chetu kiliweka pesa pamoja, kidogo kidogo, tukanunua moteri ya mtumbwi. Tuliipangusa kila jioni na kuifunika kitambaa. Kwa nje ilingʼaa. Ndani hatukutazama.

Siku moja ya kiangazi, upepo wa kusini ukivuma, moteri ilitoa moshi ikazimika mbali na pwani. Wapiga kasia walichoka, sisi tukachota maji mtumbwini kwa sufuria. Tulifika usiku, watoto wakitetemeka. Tunamshukuru Mungu, hatukupoteza mtu.

Fundi mwingine alipoifungua alituambia: «Wamama, moteri yenu ilikufa kwa kiu.» Kiu, katikati ya ziwa!

Alitueleza hivi. Moteri hiyo inapozwa na maji ya ziwa yenyewe. Pompi ya maji iko ndani ya mguu wa moteri, juu ya gia. Ndani yake kuna turbini ndogo ya mpira, yenye mabawa, inayoenea kiganjani. Mchanga wa pwani unaila polepole. Ukiwasha moteri nje ya maji, inaungua haraka. Mabawa yakikatika, maji hayapandi tena.

Fundi wa kwanza alikuwa akibadilisha buji, anapangusa, tunamlipa. Pompi hakuigusa, kwa kuwa kuifikia ni taabu: lazima mguu wote ushuke. Na sisi hatukuuliza. Tulisema hiyo ni kazi ya wanaume. Lakini pesa zilikuwa zetu, na watoto mtumbwini walikuwa wetu.

Basi fundi akifungua moteri, tukae karibu tuangalie haya:

Kwanza, atoe waya za buji kabla ya kugusa elisi, ili moteri isiwake ikamkata mkono.

Pili, buloni zenye kutu zitiwe mafuta tangu jana yake. Katika moteri nyingi, buloni moja inajificha chini ya kibati kidogo kilicho juu ya elisi, na fimbo ya gia lazima iachanishwe pia. Mguu ukikataa kushuka, atafute kilichobaki kimefungwa, asipige nyundo.

Tatu, atuonyeshe turbini. Mabawa yakiwa yamepinda au kupasuka, ibadilishwe. Ichunguzwe kila mwaka, hata kama moteri inawaka vizuri. Tuulize pia kipini kidogo cha chuma kinachoishika: kisiporudishwa, turbini haizunguki.

Nne, atoe elisi. Uzi wa nyavu unajizungusha nyuma yake na kukata mpira unaozuia maji. Mafuta ya gia yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia.

Mwisho, moteri iwashwe ikiwa majini. Maji yatoke kwenye kitundu chake kama uzi wenye nguvu. Yasipotoka, izimishwe hapo hapo. Alama hiyo kila mama anaweza kuiangalia kabla ya mtumbwi kuondoka, na hata safarini.

Kutengeneza moteri iliyoungua kulimaliza akiba yetu ya miezi mingi. Turbini mpya ingetugharimu kidogo sana kuliko hapo. Sasa tunayo moja ya akiba ndani ya sanduku la chama, pamoja na daftari la tarehe za matengenezo. Wamama wawili wanakaa na fundi mpaka amalize.

Turbini ya zamani tuliileta kwenye mkutano, ikapita mkono kwa mkono. Ilibaki na mabawa mawili tu. Mama mmoja aliishika kwa muda mrefu, akasema: «Kumbe tulikuwa tumebebwa na hiki.»

Kuuliza si ujinga. Juma hili, vyama vyenye moteri, muulizeni fundi wenu: pompi umeifungua lini?